Kifungu cha Goti

Sheria imepita. Nimeshamwambia mama, nimemwambia shangazi, nimemwambia bodaboda aliyenirudisha nyumbani na hakuwa hata ameniuliza, na bado kifua kimejaa. Kwa hiyo nawaambia na nyinyi: Sheria ya Majengo na Matetemeko ya Jimbo la Kagera imepita jana, na ndani yake kuna neno moja langu. Sisemi kifungu. Neno. Na lenyewe lilikuwepo tangu mwanzo, mimi nimelipunguza tu.

Mama anasema nikisimulia kwa furaha sieleweki, kwa hiyo wacha niende taratibu.

Siku muswada uliposomwa tena Barazani, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la waandishi wa sheria, nyuma ya Spika. Nina shahada yangu ya sheria bado inanukia wino, na kazi yangu pale ni ndogo: kuangalia koma, nukta, na maneno yaliyokosewa. Bosi wangu, Ta Kamugisha, yaani Mzee Kamugisha kwa Kihaya, alishaniambia, "Koku, sisi tunaandika. Kubishana tunawaachia wanaolipwa kubishana."

Akasimama Mheshimiwa Rutakyamirwa, mjumbe wa Nyamkazi. Mzee mrefu, sauti kama ya ngoma iliyokaushwa vizuri juani.

"Mheshimiwa Spika, mimi ni Mhaya. Kwetu mwanamke ndiye anayepiga magoti kusalimia. Sasa muswada huu unataka nyumba yangu ipige magoti. Naomba serikali inijibu, ipige magoti mbele ya nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Spika alijifuta macho. Ta Kamugisha akainamia makaratasi yake, mabega yanatikisika.

Mimi sikucheka, na sababu yangu ilikuwa inakaa Kashai na cherehani.

Ziwa lilipopanda, watu wa bondeni walihamia kwenye nyumba za miguu. Miguu minne ya jeki, minene kuliko mgomba, maji yanapita chini, wewe umelala juu unasikia vyura. Kwa mafuriko, raha tupu. Kwa tetemeko, balaa, maana nyumba juu ya miguu ni kama mtu aliyebeba ndoo kichwani halafu mtu mwingine amsukume. Ndipo mainjinia wakaja na nyumba inayoshuka. Tetemeko, wanasema, lina tarishi. Wimbi la kwanza linatangulia, jepesi, mtu hulihisi kama lori limepita mbali. Linalobomoa linakuja nyuma yake. Basi wamefukia masikio ya mitambo ardhini mpaka kule mpakani, na masikio yakimsikia tarishi tu, nyumba zote za bondeni zinaambiwa. Jeki zinaachia, nyumba inakunja miguu, inakaa kwenye godoro la mchanga na mpira, na tetemeko likifika linaikuta imeshatulia chini. Watu wakaiita nyumba inayopiga magoti. Jina likapendeza, likaingia mpaka kwenye muswada: "Nyumba itapiga magoti mara isikiapo onyo."

Tatizo ni kwamba chini ya nyumba ndiko maisha yaliko. Juani kunachoma, juu kuna wenyewe, kwa hiyo kivulini chini ya sakafu kuna kinyozi, kuna wakaanga senene, kuna watoto na mpira wao wa makaratasi. Na kuna mama yangu, fundi cherehani, chini ya nyumba ya mzee mmoja anaitwa Ta Bashange. Tarishi wa tetemeko hampi mtu nafasi ya kukusanya vitambaa. Nyumba ikipiga magoti, inampigia mama yangu mgongoni.

Upande mmoja wa Baraza ukasema nyumba ishuke tu, walio ndani ni wengi. Upande wa pili ukasema ikihisi mtu chini isishuke, isimame, na walio ndani wamwombe Mungu. Muswada ukakwama hapo, kikao baada ya kikao. Ofisini tunaliita suala la kipaumbele. Mama analiita kwa jina lake.

"Kwa hiyo mnakaa kwenye viti vya kuzunguka," aliniambia, pini mdomoni, "mnachagua nani afe."

"Mama, mimi naangalia koma tu."

"Basi niwekee koma mahali nitakapopita."

*

Siku iliyofuata Ta Kamugisha akanituma nipeleke nakala mpya ya muswada nyumbani kwa Mheshimiwa Rutakyamirwa, aisome kabla ya kura. Nikavaa sketi yangu ya ofisini, nyeusi, ya kubana, ile ambayo nikipanda ngazi lazima nipande kiubavu.

Nyumba yake ndiyo nzuri kuliko zote Nyamkazi. Ghorofa mbili juu ya miguu, madirisha ya mbao za mninga, amejenga mwenyewe kidogo kidogo tangu ujana. Nikamkuta sebuleni na mkewe, Ma Kokugonza, wanakunywa chai. Na mimi ni mtoto wa Kihaya, nimelelewa. Nikashika bahasha kwa mikono miwili, nikashuka kusalimia.

Goti la kulia likafika chini. La kushoto likagoma. Sketi ilifika mwisho wa uwezo wake, nikasikia uzi mmoja unalalamika, nikabaki hapo hapo, goti moja sakafuni, jingine limesimama kama pembe ya ng'ombe.

Mheshimiwa akanitazama juu ya kikombe. "Binti wa nani wewe, unasalimia nusu?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ni sketi."

"Marahaba ya nusu basi."

"Mwache mtoto," akasema Ma Kokugonza. "Wangapi siku hizi wanakupungia mkono tu. Huyu kafika njiani."

Paka wao, jimama la kijivu, akatoka chini ya kochi, akapita chini ya goti langu lililosimama, akajikunja pale kivulini, akaanza kujilamba kama yuko kwao.

Nikamtazama yule paka. Nikatazama goti langu la chini, nikatazama la juu.

"Nyanyuka basi, mwanangu," akasema Ma Kokugonza. "Salamu tumeshaipokea."

"Naomba mnisubiri kidogo, waitu, wazee wangu."

Nikatoa simu nikiwa vile vile, nikampigia Mutalemwa. Huyu tulisoma naye sekondari, sasa ni injinia wa jeki kwenye mradi wa jimbo, kijana wa kusema neno moja pale wenzake wanaposema kumi.

"Muta, nyumba inaweza kupiga goti moja?"

"Goti lipi?"

"La nyuma. Miguu ya nyuma ishuke, ya mbele ibaki imesimama. Ilale kama mlango wa banda uliofunguliwa."

Nikasikia kalamu inakwaruza karatasi upande wa pili.

"Inaweza. Upande wa nyuma ukishika chini, hauanguki tena. Walio ndani watateleza mpaka ukutani, watachubuka, vyombo vyote kwaheri. Lakini kufa, hapana. Na mbele, chini, panabaki nafasi."

"Ya mtu?"

"Ya watu. Ila nyumba yenyewe imekwisha, Koku. Itapasuka. Itabidi ijengwe upya."

"Na nyuma tukiweka wavu, watu wasikae huko, biashara zote zikae mbele?"

"Basi hakuna anayebanwa."

"Sasa kwa nini miaka yote hii hamkufanya hivyo?"

"Muswada unasema magoti," akasema Mutalemwa. "Sisi tunajenga kilichoandikwa."

Jamani. Herufi mbili. Mtu mmoja alipenda jina zuri la mtaani akaliandika kama lilivyo, na mainjinia wakatii, na sisi tukabishana tumuue nani. Nilicheka peke yangu pale sakafuni mpaka paka akaondoka.

Mheshimiwa alikuwa ameweka kikombe chini. Alikuwa amesikia kila kitu, maana mimi nikipiga simu nasikika mpaka kisiwani.

"Hebu nielewe," akasema. "Tetemeko linakuja. Hakuna mtu chini, nyumba yangu inashuka salama, kesho inainuliwa naendelea na maisha. Lakini kinyozi akiwa amelala chini, nyumba yangu inajivunja kwa ajili yake."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Jasho langu la maisha yote. Kwa mtu nisiyemjua jina."

"Ndiyo."

"Na akiwa ni mwizi? Amekuja kuiba betri zangu?"

Hapo nilitaka kusema kitu cha kisomi, nilikuwa nacho tayari, kina Kilatini ndani. Kikanitoka kingine. "Hata mwizi. Nyumba haina muda wa kumuuliza amefuata nini."

Ma Kokugonza akasema, taratibu, "Mm."

Mheshimiwa akasimama, akaenda dirishani, akapapasa mbao za mninga kama mtu anayempapasa farasi. Nikaona hapo kwamba hakuwa anabisha kwa kujionyesha. Ile nyumba alikuwa anaipenda, na mimi nilikuwa nimeingia na bahasha kumwambia aitoe.

"Maneno ni rahisi," akasema bila kugeuka. "Unaamini ulichosema?"

"Naamini."

"Basi mwite huyo injinia wako. Wewe utakaa chini ya nyumba yangu. Mimi nitakaa ndani. Ishuke hilo goti lako, tuone ni nani anatoka."

"Mheshimiwa, itapasuka kweli."

"Nimesikia. Siwezi kuwaamuru wenzangu watoe nyumba zao nikiwa sijui inaumaje."

"Na mimi naendelea na chai yangu hapa hapa," akasema Ma Kokugonza. "Ila vikombe vya harusi nivitoe kwanza. Hivyo havijaapa."

*

Mutalemwa akaja na vijana wake, wakaweka wavu nyuma, wakafungua masanduku ya jeki, wakazibadilishia amri. Nyamkazi nzima ikawa imeshasikia. Watu walipanga mstari barabarani, mwingine kaja na kigoda chake. Wajumbe wa Baraza walikuwepo pia, kundi zima na miwani ya jua, wanajifanya wanapita.

Nikaingia chini, upande wa mbele. Nimeshavaa suruali safari hii, somo nimelipata. Chini kule kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo wa ziwa, na sakafu ya nyumba juu ya kichwa changu ilikuwa pana kama mbingu ya mbao. Nikaketi.

Kisha nikaona miguu inakuja, kandambili, na gurudumu la cherehani.

"Mama, unafanya nini?"

"Sogea."

"Hili ni jaribio, mama. Ni la hatari."

"Wewe unakaa ofisini. Anayekaa chini ya nyumba kila siku ni mimi." Akaweka cherehani yake, akakaa nyuma yake, akatandaza kitambaa. "Kama unataka kujaribu kitu, kijaribu na mwenyewe wa kitu."

"Muta," nikaita, "simamisha."

"Muta," mama akaita kwa sauti kubwa zaidi, "ukisimamisha, shati la harusi yako utashona mwenyewe."

Nilimvuta mkono. Hakunyanyuka. Nilikuwa nimesema pale sebuleni kwa raha kabisa kwamba naamini, na imani ile ilikuwa na uzito wangu mimi peke yangu. Sasa ilibidi iwe na uzito wa mama. Niliwaza kutambaa nitoke, nikawaambie tukae na muswada wa zamani, tubishane miaka mingine ishirini. Lakini muswada wa zamani ulikuwa una jibu lake kwa mama, na jibu lile nilikuwa nalijua. Nikakaa. Nikashika ukingo wa kitambaa chake.

"Nyoosha hapo," akasema. "Unanikunjia."

Mutalemwa akatuma onyo.

Nyumba ikalia kwanza, mlio mrefu wa mabati na mbao, kama ng'ombe anayeitwa kwa jina. Kisha nyuma yetu mwanga ukafa. Miguu ya nyuma ilijikunja, sakafu ikaja chini kwa kishindo, vumbi na upepo vikatupiga mgongoni, na juu yetu sakafu ikawa paa lililoinama. Nikasikia kabati linasafiri chumba kizima. Nikasikia sahani zinaisha moja moja. Kitu kikapasuka juu, kirefu, kinapanda ukutani na hakikomi. Miguu ya mbele ikatetemeka. Nikafumba macho.

Ikatulia.

Nilipofumbua, kulikuwa na nafasi mbele yetu ya kupita na cherehani. Mama alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Sindano imekatika," akasema.

Tukatoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sauti niliyoisikia barabarani siwezi kuiandika. Vigelegele vilianzia upande wa soko vikaja kama mvua inavyovuka ziwa. Mutalemwa alikuwa amekaa chini kwenye tope, anacheka na kulia, yule wa neno moja.

Dirisha la sebule likafunguka na Mheshimiwa Rutakyamirwa akatokea, akashuka kwa msaada wa vijana. Paji la uso lina mchubuko, shati jeupe lote chai. Nyuma yake akaja Ma Kokugonza, kilemba kimehamia sikioni.

"Nimeteleza kama nipo shule ya msingi," akasema. "Kochi limenishinda mbio."

Yeye mzee aligeuka akaitazama nyumba yake. Ufa ulikuwa umetoka kwenye dirisha la mninga mpaka kwenye paa, mpana, mchana ulionekana upande wa pili. Aliitazama kwa muda mrefu, na wale wa vigoda wakasimama. Kisha akaja kwa mama.

"Mama, uko mzima?"

"Mzima, Mheshimiwa. Pole na nyumba."

"Asante," akasema. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na mtu mwingine aliye ndani yake. "Asante. Nyumba nimekuwa nayo maisha yote, imenitosha."

*

Jana basi, kura. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, kina mama wa chini ya nyumba wamekuja na khanga zao na watoto. Maswali ya nani atajenga upya yalikuwa yamekwisha, jimbo litajenga, hilo limo kwenye kifungu. Nikadhani tumemaliza. Akasimama mjumbe mmoja kijana, tai nzuri.

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono goti moja. Ila napendekeza liwe kwa aliyeruhusiwa kukaa pale tu. Mvamizi asiivunje nyumba ya mtu. Nyumba isome kitambulisho, kama hana ruhusa, ipige yote mawili."

Na ubaya wake, watu walianza kuitikia. Niliona vichwa vinakubali safu kwa safu. Lilikuwa pendekezo la adabu kabisa, limefuliwa na kupigwa pasi, na ndani yake kulikuwa na mtu amekandamizwa kwa kukosa karatasi.

Mheshimiwa Rutakyamirwa akasimama, plasta bado ipo kwenye paji.

"Mheshimiwa Spika, nina swali dogo kwa mwenzangu. Mtu akija kwako hujamwita, humjui, akaingia kivulini kwako jua likiwaka. Nyumbani kwenu mnamwitaje?"

Yule kijana akatabasamu, akatazama huku na huku. "Mheshimiwa, inategemea."

"Haitegemei. Mama yako yupo pale juu kwenye roshani, namwona. Tumuulize?"

Kicheko kikaanza. Kijana akainua mikono. "Mgeni," akasema. "Tunamwita mgeni."

"Mimi nyumba yangu imelala upande," akasema mzee. "Natamani ningekuwa naipenda kidogo kuliko hivi. Lakini waliokuwa chini yake walitoka na cherehani yao, na nikalala usingizi. Iandikwe hivyo alivyosema mwenzangu." Akaketi.

Ta Kamugisha akageuka kwenye benchi, akanisukumia kalamu. "Andika, Koku."

"Mimi?"

"Mimi naangalia koma."

Nikaandika: Nyumba itapiga goti kwa upande ulio wazi. Mtu yeyote aliye chini ya nyumba wakati wa onyo ni mgeni wa nyumba hiyo. Spika akasoma kwa sauti. Wanaokubali wakaambiwa wasimame, na ukumbi ukanyanyuka kwa mlio mmoja wa viti, yule wa tai akiwemo, na roshani nayo ikasimama ingawa haina kura, na Spika aligonga meza mpaka akachoka akaamua kusimama na yeye.

Nimekuwa nalia na kucheka tangu saa hiyo.

Leo asubuhi nimepita Kashai kumpelekea mama sindano mpya. Nikamkuta hashoni. Amesimama kwenye ngazi ya Ta Bashange, mwenye nyumba, mzee ambaye miaka yote hupita juu ya kichwa cha mama bila hata kukohoa.

"Kwa sheria ya jana," mama anamwambia, "mimi ni mgeni wako."

"Nimesikia redioni," akasema Ta Bashange, kwa tahadhari.

"Sasa nyumba ya Mhaya, mgeni amefika, amekaa, na hajapewa kahawa ya kutafuna. Wewe uliliona wapi?"

Mzee akaingia ndani. Akatoka na kikapu kidogo cha kahawa, vile vya majani vyenye kifuniko, akashuka ngazi zake mwenyewe mpaka chini, na akakiinamisha kwa mikono miwili. Mama akachukua punje, akatafuna, akamshukuru ipasavyo. Nikatazama mtaa. Chini ya nyumba ya tatu kinyozi alikuwa anatafuna. Wakaanga senene walikuwa wanatafuna. Ngazi zote za Kashai zilikuwa na wazee wanashuka na vikapu.

Nilipofika ofisini simu zilikuwa zinalia mpaka za walinzi. Wenye nyumba wa bondeni wote wanauliza swali moja, kahawa ni ya siku ya tetemeko tu au ya kila siku. Ta Kamugisha akaziba simu kwa kiganja.

"Koku, kifungu ni chako. Kinasemaje?"

"Kinasema wakati wa onyo, Ta. Tukitaka, tunaweza kuwafafanulia. Barua ya ukurasa mmoja inatosha."

Akageukia dirisha. Nje bonde lote lilikuwa linaonekana, mapaa kwa mapaa, na kwenye ngazi vikapu bado vinashuka.

"Wewe umeona barua yoyote?" akasema, akaiweka simu chini ikiendelea kulia.